Kuzungumza na watu wa kazi hapa Lamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa kijana wa kaunti ya Lamu aliyemaliza shule au chuo, na wa yule aliye kazini tayari lakini anahisi amekwama. Haufundishi kuandika barua ya kazi. Unahusu kinachotangulia barua: kukaa na mtu aliye ndani ya kazi unayoitaka, mkazungumza nusu saa, ukaondoka unajua mambo ambayo tangazo la kazi haliyasemi.

Mazungumzo haya ni yapi hasa?

Ni kumfuata mtu anayefanya kazi unayoitamani na kumwomba akueleze kazi hiyo: aliingiaje, siku yake hupitaje, kinachomchosha ni nini, masomo gani yalimfaa na yapi yalikuwa ya kupoteza ada. Huombi kazi. Hilo ndilo sharti, na wengi hulivunja kabla kikombe cha kahawa hakijapoa.

Ukimwomba mtu kazi unamwachia majibu mawili tu, ipo au haipo, na mara nyingi hata kama ipo haiko mikononi mwake. Atajisikia vibaya kukunyima, na kesho akikuona kwa mbali atapita uchochoro mwingine. Ukimwuliza kuhusu kazi yake, unamwomba kitu anacho na anaweza kukitoa bila hasara.

Si ndiyo yale yale ya "lazima umjue mtu"?

Siyo, na ni muhimu tofauti hii ieleweke, kwa sababu vijana wengi waaminifu hukaa nyumbani wakidhani kuuliza ni kutafuta mlango wa nyuma.

Tuanze na kazi za serikali. Katiba ya 2010, kifungu cha 232, inataka uajiri katika utumishi wa umma ufuate ushindani wa haki na sifa za mtu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaitaka Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti itangaze nafasi ili habari ziwafikie watu wengi iwezekanavyo. Kwa hiyo afisa wa kaunti uliyekunywa naye kahawa hana haki ya kukupa nafasi, wala usimtie katika mtihani huo. Anachoweza kukupa kihalali ni ujuzi. Atakwambia matangazo hubandikwa wapi. Atakwambia kwamba mara nyingi utatakiwa cheti cha polisi cha tabia njema, cheti cha kodi kutoka KRA, cha HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu) na vinginevyo, na kwamba anayeanza kuvitafuta siku anapoombwa huenda asiviwahi. Atakwambia pia jinsi barua zinavyochujwa, na kwa nini barua nzuri huanguka kwa kukosa namba ya tangazo tu. Habari hizi si siri, ila hakuna aliyekukalisha chini akakueleza.

Kazi za watu binafsi ni habari nyingine. Mwenye hoteli, mwenye boti au mwenye karakana humwajiri anayemwamini, na nafasi zake nyingi hazitangazwi popote. Hapo ndipo mwana wa mtu mkubwa husikia mapema, kwa kuwa habari hupita sebuleni kwao, na mwana wa mvuvi wa Kizingitini husikia nafasi ikishajazwa. Hiyo si haki. Ninachojua ni kwamba yule wa pili, akijifunza kuuliza kwa adabu na kwa mpango, anaweza kuzifikia habari hizo hizo bila baba mwenye cheo na bila kumhonga mtu. Ndiyo maana tunaandika haya.

Nina ndugu na marafiki wa karibu. Kwa nini nimwendee mtu tunayesalimiana tu njiani?

Kwa sababu ndugu yako na rafiki yako wanajua unayoyajua wewe. Mnakaa baraza moja, mko katika kundi moja la WhatsApp, mnasikia habari moja. Yule mnayesalimiana tu anatoka katika duru nyingine, na huko kuna habari ambazo kwenu hazijafika.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala iliyotumia mahojiano na watu waliokuwa wamebadilisha kazi karibu na mji wa Boston. Miongoni mwa waliopata kazi kupitia mtu, asilimia 16.7 tu walisema mtu huyo walikuwa wakionana naye mara kwa mara. Asilimia 55.6 walikuwa wakionana naye mara mojamoja, na asilimia 27.8 kwa nadra sana. Mwaka 2022 watafiti wengine walichapisha matokeo ya majaribio yaliyohusisha watu zaidi ya milioni 20 kwenye LinkedIn, wakakuta wanaosaidia zaidi mtu kuhama kazi ni wale mnaojuana kwa kadiri: si wa karibu sana, wala si wa mbali kabisa.

Hao ni watu wa Marekani na wa mitandao, na Lamu ina mambo yake. Hapa undugu una nguvu kubwa, na mtu atataka kujua wewe ni wa nani kabla hajakujibu. Basi mtumie ndugu kwa kile anachokiweza vizuri, yaani kukutambulisha. Ami yako huenda hajui lolote kuhusu kazi ya bandari, lakini anamjua mtu aliyesoma chuoni pamoja na mtu wa bandari. Mwombe akufikishe kwa huyo. Kutoka hapo ni juu yako.

Lamu nianzie wapi?

Baraza la Mkunguni, mbele ya Ngome, ndilo linalokuja akilini mwa kila mtu, na si vibaya kukaa hapo baada ya alasiri ukasikiliza. Ila jua kazi ya baraza. Barazani ni mahali pa kujulikana, si mahali pa kumhoji mtu. Ukimwuliza mzee mshahara wake mbele ya wenzake sita, atakupa jibu la kuwaridhisha hao sita. Salimia, kaa, sikiliza, jitambulishe. Ukiona mtu unayemhitaji, ngoja asimame kwenda zake, umfuate hatua chache na umwombe siku ya kuonana peke yenu.

Boti za abiria kati ya Amu, yaani mji wa Lamu, na Mokowe ya bara zinafaa kuliko watu wanavyofikiri. Walimu, wauguzi, maafisa, mafundi wa umeme, wote huvuka humo, na kwa muda wa safari hakuna anayeweza kuondoka. Usimvamie mtu kwa maswali. Maamkuzi mazuri, jina lako, na swali moja jepesi kuhusu kazi yake yanatosha kufungua njia ya siku nyingine.

Kwa kazi za hoteli, tazama msimu. Watu wa Shela hujaa shughuli Desemba, na meneja hana hata nafasi ya kukaa chini. Mvua za masika zikianza wageni hupungua, baadhi ya hoteli hufunga kwa wiki kadhaa kati ya Mei na Juni, na ndipo wakuu wa jikoni, wa mapokezi na wa usafi wa vyumba wanapopata utulivu wa kuzungumza. Ni katika kipindi hicho pia ambapo wengi wao hufikiria nani watamhitaji msimu ukifunguka. Ukizungumza nao Juni, jina lako liko kichwani mwao Julai.

Bandari inahitaji fikira zaidi. Gati la kwanza lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021, na tangu hapo vijana wengi wanaposema bandari wanamaanisha kazi moja tu, kuendesha zile kreni kubwa. Bandari ina mawakala wa forodha, walinzi, makarani wa shehena, mafundi wa mitambo, madereva, watu wa usalama wa bahari na wapishi. Usitafute tu mtu wa Halmashauri ya Bandari. Mtafute wakala wa forodha, hata kama ofisi yake iko Mombasa, umwulize shehena ya Lamu inakwenda wapi na inahitaji mikono gani. Majibu yake huenda yakabadilisha kozi unayotaka kusomea.

Kisha kuna kazi ambazo vijana hupita mbele yake kila siku wasizione. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na kuuhifadhi kunahitaji mafundi wa chokaa na boriti, wachongaji wa milango, waelekezi wa wageni wanaoijua historia kwa dhati, na watu wa makumbusho. Nenda Matondoni ukazungumze na fundi wa majahazi. Muulize anapata wapi mbao siku hizi, nani humwagizia kazi, na angependa mwanagenzi wake awe anajua nini. Fundi hatakupa miadi kwa barua pepe. Nenda mapema, mkute akiwa kazini, shika kamba ukiambiwa shika, na mazungumzo yatakuja yenyewe.

Mimi ni mwanamke, sikai barazani. Itakuwaje?

Swali hili huulizwa kuliko yote, na anayelijibu kwa kusema "jitahidi tu" hajalielewa. Kweli, wanaume wana barabara nzima ya kukutana. Lakini habari za kazi hupita pia arusini, kwenye visomo, katika vyama vya akiba na kwenye foleni ya kliniki, na huko wamejaa walimu, wauguzi, makarani wa benki, wafanyabiashara wenye maduka na wanawake walioajiriwa na mashirika ya misaada. Tofauti ni kwamba huko hatuulizani kazi. Tunaulizana watoto, nguo na wagonjwa. Anza kuuliza. Ukikaa karibu na mama anayefanya kazi hospitalini, mwambie ungependa kuja kumwona siku moja akueleze alivyopandishwa cheo. Atafurahi kuliko unavyodhani, maana huenda hajaulizwa hata mara moja.

Anza na mwanamke aliye katika kazi hiyo hata kama yuko ngazi ya chini kuliko mwanamume unayemlenga. Atakwambia na yale ambayo mwanamume hatayajua: choo kipo, usafiri wa jioni upo, mkuu wa kazi ni mtu wa namna gani. Ukilazimika kuzungumza na mwanamume, iwe ofisini, saa za kazi, mlango wazi, au kwa simu. Kwenda na dada au rafiki si utoto. Mtu mwenye heshima ataelewa bila kuelezwa.

Nimwandikie vipi mtu nisiyemjua?

Kwa mzee, usiandike. Nenda, au tuma mtu akuombee ruhusa ya kwenda. Kwa mtu wa ofisi, ujumbe mfupi wa WhatsApp unafaa, mradi namba yake umepewa na mtu aliyemwomba idhini kwanza. Mfano:

"Assalamu alaykum Bi Fulani, sabalkheri. Mimi ni Fulani binti Fulani wa Langoni. Namba yako nimepewa na Mwalimu Fulani, naye aliniambia umeridhia. Nimemaliza diploma ya hoteli mwaka huu na ningependa kuielewa kazi ya mapokezi kabla sijaomba popote. Naomba dakika ishirini zako wiki ijayo, kwa simu au ofisini, wakati utakaokufaa. Siombi kazi, naomba mwongozo. Ukiwa na shughuli nitaelewa."

Angalia kilichomo: wewe ni nani, nani kakuelekeza, unataka nini, muda gani, na njia ya yeye kukataa bila kuona haya. Usitume "Mambo" ukanyamaza ukingoja ajibu. Usiambatishe wasifukazi. Na usitume sauti ya dakika nne.

Nikishakaa naye niulize nini?

Soma kwanza kila kinachosomeka, usiende kumwuliza mambo yaliyobandikwa ukutani. Kisha anza na safari yake, kwa sababu mtu akisimulia alikotoka hulegea: ilikuwaje akaingia kazi hii? Kutoka hapo shuka kwenye kazi yenyewe. Jana alifanya nini tangu asubuhi hadi jioni? Swali la jana ni bora kuliko "kazi yako inahusu nini", kwa kuwa jana haina maneno ya kupamba. Angekuwa anaajiri leo, angemtupilia mbali mtu wa namna gani? Ni ujuzi gani vijana wa hapa huja bila kuwa nao? Hili la mwisho litakuuma, lakini andika jibu. Ukilisikia kwa watu watatu, hasa likiwa ni Kiingereza cha kuandika au kompyuta, umeshajua miezi mitatu ijayo uifanyie nini.

Mshahara uulize kwa upole na si wake. "Anayeanza huwa analipwa kama kiasi gani?" ni swali la heshima. "Wewe unalipwa ngapi?" si la heshima.

Swali moja usiondoke bila kuliuliza: nani mwingine ungenishauri nizungumze naye? Usipolipata jina, umepata maarifa na umefika mwisho wa njia. Ukipata majina mawili, mazungumzo yanayofuata yameshafunguliwa, na safari hii unaingia kwa jina la mtu.

Ukiahidi dakika ishirini, dakika ya ishirini simama. Akikuzuia, kaa.

Akisema "tutaonana inshallah", ndiyo au siyo?

Huenda ni vyote viwili, hata yeye bado hajajua. Usimchukulie kuwa amekataa, na usimtokee mlangoni kesho yake. Ngoja kama wiki moja, mkumbushe mara moja kwa maneno yale yale ya adabu, ukitaja siku mbili achague. Akinyamaza tena, mwache kwa wema, mkikutana msalimie kama kawaida. Mji wetu ni mdogo na mtakutana tu.

Nani alipe kahawa?

Wewe, maana wewe ndiye uliyemwita. Akisisitiza kulipa yeye, na ni mkubwa wako, mwachie.

Akinitaka pesa ili "anisaidie"? Au akinitaka kitu kingine?

Ondoka. Sheria ya Kupambana na Hongo ya 2016 inamhesabu mwenye makosa anayetoa na anayepokea, hivyo ukilipa hata kazi usipopata umeshaingia. Ada ya kuomba kazi katika ofisi ya umma haipo. Mtu akikutumia ujumbe wa namna hiyo usiufute. Uhifadhi, na unaweza kuupeleka kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi.

Na akikutaka mwili wako, au akianza kusema maneno yanayoelekea huko, kosa si lako, wala si kwa sababu ulimfuata wewe. Ulifuata ushauri. Sheria ya Ajira ya 2007 na Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 zote zinakataza mwenye mamlaka kutumia cheo chake hivyo. Mweleze mtu mzima unayemwamini siku hiyo hiyo, usingoje iwe mara ya pili.

Sikufika chuo. Haya si mambo ya wasomi?

Nahodha hakuulizwa cheti alipojifunza kusoma upepo. Alikaa na waliojua, akauliza. Ninyi mnaotoka katika kazi za mikono mna faida moja: mnaweza kuomba kutazama. "Naomba nikae karakanani kwako siku mbili nione" ni ombi ambalo fundi wa injini za boti atalikubali upesi kuliko ombi la mahojiano, na mtajuana zaidi kwa siku mbili hizo kuliko kwa wasifukazi wa kurasa tatu.

Nina kazi tayari lakini sipandi cheo.

Zungumza na watu wa idara nyingine kabla hujamlalamikia mkuu wako. Mhudumu wa mezani aulize wa mapokezi, wa mapokezi aulize wa hesabu. Waliopandishwa ndani ya miaka michache iliyopita ndio wa kwanza kuwaendea: walipewa jukumu gani la ziada kabla ya kupanda, na nani aliliona? Mara nyingi utakuta walifanya jambo moja lililoonekana, kama kufundisha wapya au kupanga hesabu za akiba ya jikoni. Usiyafanye mazungumzo haya kuwa umbea juu ya wakuu. Maneno ya kazini hurudi kwa mwenyewe haraka.

Tukishamaliza, nifanye nini?

Siku hiyo hiyo andika uliyosikia, kwa sababu kesho utakumbuka nusu. Kabla ya siku ya pili kuisha, mshukuru kwa ujumbe unaotaja jambo moja mahususi aliloliongea na unachokusudia kulifanyia. Kisha, na hapa ndipo karibu kila mtu huzembea, mrudishie habari. Alikushauri usome kozi fulani? Ukijisajili, mwambie. Alikupa jina? Ukishaonana naye, mwambie mliongea nini. Mtu aliyekupa ushauri akaona umefanyiwa kazi atakukumbuka nafasi ikitokea, bila wewe kuomba. Aliyekupa ushauri ukapotea nao hana sababu ya kukukumbuka.

Ramadhani inafaa?

Mchana usimsumbue mtu aliyefunga kwa mambo marefu. Baada ya tarawehe watu hukaa hadi usiku sana, na wana nafasi.

Niko Mombasa au Nairobi, nataka kurudi kufanya kazi nyumbani. Nifanyeje?

Usingoje urudi ndipo uanze. Waliotoka Lamu wakafika walipofika wamejaa Mombasa, na mtu wa kwenu akiwa ugenini huwa na nafasi kuliko akiwa kwao amezungukwa na jamaa. Waendee huko. Halafu panga safari zako za nyumbani: wengi hurudi kwa Idi na kwa Maulidi, na katika siku hizo unaweza kuwapata mji mmoja watu ambao mwaka mzima wametawanyika. Waandikie wiki mbili kabla, maana wakishafika kila mtu huwa na ratiba yake. Omba dakika ishirini asubuhi, kabla wageni hawajaanza kuingia majumbani mwao.

Wa Amu mwenyewe mwulize pia kile ambacho hukijui kwa kuwa umekuwa mbali: ofisi zipi zimehamia Mokowe, kazi zipi za bandari zimefunguka, nyumba inapangwa kwa kiasi gani siku hizi, na mishahara ya hapa ikoje ikilinganishwa na ya Mombasa. Uliza haya kabla ya kuacha kazi uliyo nayo.